Vitabu vya sauti vya Kibuddha: maoni ya fundi cherehani wa Mkolani

Msikilizaji wetu mmoja wa Mkolani, jijini Mwanza, ametutumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Ni fundi cherehani na mwanakwaya, na kwa miezi kadhaa sasa amekuwa akisikiliza vitabu vya sauti vya dini ya Kibuddha kwenye simu huku akishona. Amekubali tutumie maoni yake bila kumtaja jina. Tutamwita Mama Fundi, kama wateja wake wanavyomwita.

Vitabu hivyo vilimfikia kwa njia ya msiba. Kaka yake alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku mmoja upepo uliwakuta ziwani, na yeye hakurudi mwaloni. Mtoto wa marehemu, kijana anayesoma chuo, ndiye aliyeanza kuvisikiliza baada ya matanga kuanuliwa. Akaviweka pia kwenye memori kadi ya shangazi yake, akamwambia, "Shangazi, jaribu hivi, vinatuliza." Karibu vyote ni vya Kiingereza. Mama Fundi alimaliza kidato cha nne na anasema Kiingereza chake kinatosha kumfuata mtu asiyekimbia, na wasomaji wa vitabu hivi hawakimbii.

Mengi aliyoyasikia ameyapenda. Amependa kwamba hakuna anayempigia kelele. Amependa visa vifupi vinavyoeleweka hata ukiwa unapiga pasi. Amependa kuambiwa akae aangalie pumzi inavyoingia na kutoka, maana tangu msiba alikuwa akivunja sindano moja baada ya nyingine, na siku alipotulia hivyo dakika chache kabla ya kukanyaga cherehani, kazi ilienda.

Lakini ana malalamiko pia. Kitabu kimoja kimewekewa sauti ya mawimbi ya maji nyuma ya msomaji, mwanzo hadi mwisho. "Aliyeyatia hayo maji hakujua nani anasikiliza," anasema. Alivua eafoni na hajakirudia. Kingine kilirudia mara nyingi mno kwamba maisha ni mateso, naye akajiuliza: kama ni mateso matupu, hili gauni la harusi lililo mbele yangu ni la nini?

Jambo zito zaidi liko mwishoni mwa ujumbe wake. Kijana yule haji tena nyumbani. Siku ya kumkumbuka baba yake hakutokea. Akipigiwa simu anajibu kwa upole kwamba amejifunza kuachilia, asisumbuliwe. Wakati huohuo akina mama wenzake wa kanisani wamemwambia Mama Fundi kwamba kusikiliza vitabu hivyo ni kuabudu sanamu, afute vyote. Anatuuliza mambo mawili: je, ni dini hiyo inayomfundisha kijana kujitenga, au ni hivyo vitabu? Na je, yeye mwenyewe ametenda kosa kusikiliza?

Swali la pili atalijibu yeye na dhamiri yake, ingawa tuna la kusema. Swali la kwanza linaweza kuelezwa, na ndilo tutakalokaa nalo zaidi.

Mafundisho yaliyoanza kwa sikio

Buddha si jina la kuzaliwa. Ni cheo, maana yake "aliyeamka". Mtu mwenyewe aliitwa Siddhartha Gautama, na mapokeo yanasema alizaliwa Lumbini, sehemu ambayo leo iko Nepal, takriban miaka 2,500 iliyopita. Alifundisha kwa miaka 45 hivi akitembea kwa miguu katika bonde la mto Ganges, kaskazini mwa India, akafa akiwa na umri wa miaka 80. Hakuandika kitabu hata kimoja. Wanafunzi wake, katika lugha ya Kipali, waliitwa savaka, yaani wasikilizaji. Sisi watu wa redio neno hilo limetupendeza.

Kwa mujibu wa mapokeo, baada ya kifo chake wazee wa watawa walikutana katika mji wa Rajagaha ili kuyaweka maneno yake pamoja. Aliyetegemewa zaidi kwa hotuba alikuwa Ananda, ambaye alikuwa msaidizi wa Buddha kwa miaka 25 na mwenye kumbukumbu ya ajabu. Ndiyo maana hotuba nyingi huanza kwa msimulizi kueleza kwamba hivi ndivyo alivyosikia. Kuanzia hapo maneno yalibebwa kwa kukariri. Kikundi kimoja cha watawa kilibeba hotuba ndefu, kingine fupi, kingine mashairi, nao walikuwa wakikaa pamoja na kuyasoma kwa sauti moja, ili mmoja akikosea wenzake wamsikie. Ilikuwa hivyo kwa karne kadhaa. Yaliandikwa Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo, wakati wa njaa na vita, kwa hofu kwamba waliokariri watakufa na maneno yakaenda nao kaburini.

Desturi ya kukariri haijafa. Nchini Burma, ambayo sasa inaitwa Myanmar, mtawa aliyejulikana kama Mingun Sayadaw, aliyeishi kati ya 1911 na 1993, alihifadhi kichwani mkusanyiko wote wa maandiko hayo, ambao ukichapishwa hujaza rafu ya vitabu. Waislamu wetu walio na mahafidhi majumbani wataelewa haraka kazi hiyo ni ya namna gani.

Kwa hiyo Mama Fundi asione haya kwamba anasikiliza badala ya kusoma. Mafundisho haya yalisikika kwa muda mrefu kabla ya kusomeka. Kuna tofauti moja tu, nayo ni kubwa. Aliyekuwa akisikiliza zamani alikaa mbele ya msemaji. Sehemu kubwa ya hotuba hizo ni maswali na majibu: mkulima anauliza, mfalme anauliza, mjane anauliza, hata mtu aliyekuja kutukana anajibiwa. Jibu la huyu halifanani na jibu la yule. Kitabu cha sauti hakikuoni. Kinamwambia aliyefiwa jana maneno yaleyale kinayomwambia meneja wa benki aliyechoka na foleni.

Wapo waliolitambua hilo. Mwalimu S. N. Goenka, mzaliwa wa Burma mwenye asili ya Kihindi aliyefariki mwaka 2013, aliacha mafunzo ya siku kumi yanayoendeshwa katika nchi nyingi kwa sauti yake iliyorekodiwa. Hadi leo wanafunzi husikiliza sauti hiyo kila jioni. Lakini ukumbini lazima awepo mwalimu msaidizi wa kumuuliza, na kabla ya kupokelewa mtu hujaza fomu inayouliza pia habari za afya yake ya akili. Sauti ya mashine ipo, na mtu wa nyama na damu yupo pembeni yake. Kijana wa Mkolani ana sauti tu.

Mbegu za haradali

Kisa kilichomgusa zaidi Mama Fundi ni cha mwanamke aitwaye Kisa Gotami. (Kisa hapa ni jina lake, maana yake mwembamba, aliyekonda. Halihusiani na neno letu.) Mtoto wake mdogo alikufa, naye akakataa kuamini. Akambeba akitafuta dawa kwa kila mtu, watu wakimwona amerukwa na akili, hadi alipofika kwa Buddha. Buddha hakumhubiria. Alimwambia dawa ipo: alete mbegu chache za haradali, ila zitoke katika nyumba ambayo hajawahi kufa mtu.

Mama akaenda mlango kwa mlango. Haradali ilikuwepo kila nyumba, kama chumvi ilivyo kwetu. Lakini kila alipouliza lile sharti, alijibiwa: hapa alikufa baba, hapa alikufa mke, hapa tumezika mtoto. Ilipofika jioni alikuwa ameelewa. Akaenda kumzika mwanawe.

Wasomaji wa Biblia wasichanganye haradali hii na ile ya ufalme wa mbinguni. Ni mifano miwili tofauti.

Kitabu alichosikiliza Mama Fundi kinakisimulia kisa hiki kwa dakika tatu, kisha kwa nusu saa kinamweleza msikilizaji afumbe macho, akubali, aachilie. Maoni yake hapa tunayaweka kama alivyoyasema: "Yule mama hakuambiwa akae peke yake afumbe macho. Aliambiwa azunguke kijiji. Alipona kwa kugonga milango. Hayo si ndiyo matanga?"

Tumekirudia kisa hicho katika masimulizi ya kale, na tunakubaliana naye. Dawa yenyewe ilikuwa ile safari. Mwanamke aliyedhani ni yeye peke yake aliyepigwa alisikia kwa masikio yake misiba ya kila nyumba. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunafanya kinyumenyume: badala ya mfiwa kwenda kwa majirani, majirani wanakuja na kuni, maji na unga, wanalala chini, na usiku kila mmoja anaeleza alivyozika wa kwake. Njia inatofautiana, kinachofanyika kinafanana sana. Mwandishi wa kitabu kile amechukua mbegu akaiacha milango.

Kuachilia na kutojali

Je, basi, kijana ametunga? Hapana, na tuseme ukweli. Ubuddha unaheshimu upweke. Siddhartha mwenyewe, kadiri ya masimulizi, aliondoka usiku akamwacha mkewe na mtoto mchanga, Rahula. Watawa huacha nyumba na mali. Kuna hotuba zinazosifu kukaa msituni peke yako. Mtu akisikiliza hizo tu, saa mbili usiku, chumbani kwake, na msiba ungali mbichi, anaweza kudhani ameagizwa asiguswe na mtu.

Lakini yapo mengine ambayo vitabu vya kutuliza huyaruka. Buddha alipokuwa karibu kufa, Ananda, yule aliyesikia mafundisho mengi kuliko wote, aliegemea mlango akalia. Buddha hakumkaripia kwamba hajaelewa somo. Alimwita, akamkumbusha kwamba kilichozaliwa hakina budi kutengana, na akamsifu mbele ya wenzake kwa miaka yote aliyomhudumia kwa upendo. Somo halikuja peke yake, lilifuatwa na sifa na shukrani.

Tena, mtawa haruhusiwi kujitenga kabisa. Katika desturi ya kale ambayo bado inafuatwa Thailand, Sri Lanka na Myanmar, hawezi kulima wala kujipikia. Kila asubuhi hutoka na bakuli na kupita kwenye nyumba za watu, akila kile wanachompa. Aliyeachilia kila kitu anategemea majirani kwa kifungua kinywa chake! Kijana anayekula hosteli kwa fedha za shangazi huku akisema hahitaji mtu, hajafika huko.

Na kuna onyo lililoandikwa wazi. Katika karne ya 5 baada ya Kristo, mtaalamu aitwaye Buddhaghosa aliandika Sri Lanka kitabu kikubwa cha maelezo, Visuddhimagga. Anaeleza kwamba kila sifa njema ina adui wa mbali na adui wa karibu. Adui wa mbali anajulikana kwa kuwa hafanani nayo kabisa, kama chuki ilivyo mbali na upendo. Adui wa karibu ni hatari zaidi kwa sababu amevaa nguo zilezile. Utulivu wa moyo, ule usiotikiswa na faida wala hasara, adui wake wa karibu ni kutojali. Kwa nje vyote viwili viko kimya. Ndani, mmoja ameona maumivu akabaki imara karibu nayo, mwingine amegeuza uso.

Kijana ni yupi kati ya hao wawili? Hatuwezi kupima moyo wa mtu kwa ujumbe wa dakika kumi na moja. Huenda hajui aseme nini, na "nimeachilia" ndilo neno pekee alilolipata la kusema kwamba bado inauma. Vijana wa kiume wengi wa kwetu hawakupewa jingine. Ila shangazi akimwambia kwamba mafundisho anayoyatumia kufunga mlango yana visa vya watu waliopona kwa kugonga milango, atakuwa amemwambia jambo la kweli, kutoka ndani ya hayohayo anayoyapenda. Tunadhani litasikika kuliko kufokewa.

"Maisha ni mateso" na shida ya tafsiri

Lalamiko la gauni la harusi ni la haki, na kosa liko zaidi kwa watafsiri. Neno la Kipali ni dukkha. Ndani yake kuna maumivu makubwa kama kufiwa, lakini pia kuna ile hali ndogo ya kitu kutokaa sawasawa, raha ambayo hata ukiwa nayo unajua itaisha. Kiingereza kililibana kwenye neno moja zito, na anayelitafsiri tena kutoka Kiingereza kuja Kiswahili anafika kwenye "mateso", ambalo kwetu ni la gerezani na msalabani. "Dhiki" lingefaa zaidi, na mahali pengine "tabu" ingetosha. Mafundisho yenyewe hayakatai furaha. Yanasema furaha haishikiki mkononi. Fundi anayeshona gauni litakalovaliwa siku moja tu analijua hilo bila kuhubiriwa.

Neno la pili ni tanha, linalotajwa kuwa chanzo cha dhiki. Vitabu vingi hulifanya "tamaa". Kwa Kiswahili tamaa ni sifa mbaya: mwenye tamaa ni mlafi au mla rushwa. Mtu anayetamani kaka yake angalikuwa hai atajisikia ametukanwa. Maana ya asili ya tanha ni kiu. Hapo Kiswahili tunalo neno lilelile, zuri, na halimhukumu mtu. Mwenye kiu halaumiwi. Anaulizwa ni maji gani anayoyatafuta. Atakayeandaa siku moja vitabu hivi kwa Kiswahili tunamwomba aanzie kwenye Kipali, asipitie Kiingereza.

Kusikiliza na kuabudu

Kwa akina mama wa kanisani, tunaanza na tofauti iliyo kubwa. Ubuddha haufundishi habari za Mungu mmoja Muumba kama Biblia na Qur'ani zinavyofundisha. Hilo si jambo dogo, na anayesema dini zote ni kitu kimoja anarahisisha. Katika baadhi ya rekodi kuna pia nyimbo za ibada, ambazo kwa Mbuddha ni sala hasa. Anayesikiliza ana haki ya kujua ni ibada, asiambiwe ni muziki wa kulalia.

Hata hivyo, mtu hawi Mbuddha kwa kusikia. Anayeingia hutamka kwa hiari kwamba anakimbilia kwa Buddha, kwa mafundisho yake na kwa jumuiya ya watawa. Kusikiliza kisa cha haradali hakumwingizi mtu popote. Kanisa Katoliki, katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la Oktoba 1965 kuhusu dini nyingine, liliutaja Ubuddha kwa jina na kusema halikatai lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Madhehebu mengine yana msimamo mkali zaidi, na Waislamu wana masheikh wao wa kuwauliza. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kila mtu wa kuamini atakavyo, na uhuru huo ni wa kusikiliza na wa kukataa kusikiliza pia.

Tena habari za Buddha zimeshapita kanisani zamani, bila watu kujua. Maisha ya mwana wa mfalme aliyefichwa asione ugonjwa, uzee na kifo, akaviona, akaacha ufalme, yalisafiri kutoka India hadi kwa Waajemi na Waarabu, kisha kwa Wajojia na Wagiriki, yakageuka njiani kuwa hadithi ya watakatifu wawili wa Kikristo, Barlaam na Yosafati. Jina Yosafati lenyewe lilitokana na cheo cha Kibuddha, bodhisattva. Kwa herufi za Kiarabu lilianza na ba, lakini nukta ilipochanganywa ba ikasomeka ya. Hadithi hiyo ilifika hadi jirani zetu wa Ethiopia, ambako mtawa Enbaqom aliitafsiri kwa Kige'ez mwaka 1553. Wakristo wa karne nyingi walifarijiwa nayo, na hawakupoteza imani yao.

Kabla ya kununua bando

Mtandaoni kuna biashara kubwa inayojiita ya Kibuddha. Sanamu iliyotulia kwenye jalada, sauti nzito, kengele, na ahadi kwamba utapona ukiwa usingizini. Maneno mengi yanayozunguka kwenye simu yakiwa na jina la Buddha hayamo katika maandiko yoyote ya kale. Rekodi inayoaminika hueleza ni andiko gani, nani amelitafsiri, kutoka lugha gani, na nani anasoma. Siku hizi kuna sauti za kompyuta pia. 

Katika desturi yenyewe mafundisho hayauzwi. Hutolewa kama zawadi, na anayetaka huchangia. Kwa hiyo vipo vya bure vilivyo halali. Dhammapada, mkusanyiko mashuhuri wa beti 423, inapatikana katika LibriVox, maktaba ya sauti ya watu wa kujitolea iliyoanzishwa mwaka 2005, kwa tafsiri ya Kiingereza ya karne ya 19 ya Max Müller ambayo hakimiliki yake imekwisha. Kiingereza chake ni cha kizamani, tunatahadharisha. Jihadhari na programu zinazotoa "mwezi wa bure" baada ya kuingiza namba ya kadi au ya simu: mwezi ukiisha huanza kukata, na mtu asiposoma masharti hajui salio limeenda wapi.

Kuhusu bando, saa moja ya sauti yenye ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde hula MB 29 hivi. Ubora wa 128 hula mara mbili yake, na kwa sauti ya mtu anayesoma tu hutaona tofauti. Ukisikiliza kitabu hichohicho kama video, utalipia picha ya sanamu isiyotikisika kwa saa nzima. Pakua mara moja, weka kwenye memori kadi, sikiliza ukiwa umezima data. Na wenye bodaboda, tafadhali, si barabarani.

Kuna hotuba moja inayofaa kwa zama hizi za simu. Watu wa mji wa Kesaputta walimlalamikia Buddha kwamba wahubiri wanapita, kila mmoja akijisifu na kuwaponda wengine, wasijue wamwamini nani. Aliwajibu wasikubali jambo kwa sababu tu limesikika, au limepokelewa toka kale, au msemaji anaonekana wa maana. Waangalie wenyewe jambo hilo likitendwa linazaa madhara au linazaa mema. Kwa kipimo hicho Mama Fundi, alipokivua kile kitabu cha mawimbi na kukiuliza kile cha haradali, amesikiliza kama savaka.

Usingizi usiporudi

Kukaa kimya na kufuata pumzi huwasaidia wengi. Kwa baadhi ya watu, hasa walioona kifo kwa macho, ukimya mrefu huamsha picha walizokuwa wamezizika. Ikitokea hivyo, fumbua macho, simama, nenda walipo watu. Mtu aliyefiwa akipitisha wiki nyingi bila usingizi, bila kula, akiacha masomo au kazi, au akisema afadhali asingekuwepo, huyo si wa kuachiwa eafoni. Apelekwe zahanati ya karibu, nako wanaweza kumwelekeza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Bugando, ambako kuna madaktari wa afya ya akili. Shangazi, hili tunakuomba ulifuatilie kwanza kabla ya mengine yote.

Anayetaka kumuuliza mtu badala ya mashine, Dar es Salaam kuna hekalu la Wabuddha eneo la Upanga. Mizizi yake ni Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwanzoni mwa karne ya 20. Na kwenye ziwa hilihili letu, upande wa pili, huko Garuga karibu na Entebbe, kuna Kituo cha Wabuddha cha Uganda. Kilianzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na Ubuddha akiwa mwanafunzi India mwaka 1990, akapewa utawa Marekani mwaka 2002, kisha akarudi kwao na kanzu yake na kichwa kilichonyolewa, ndugu zake wakimshangaa. Mama yake mzazi naye baadaye aliingia utawa kituoni hapo.